Kelele Iliyomtangulia Nyumbani

Tarehe 30 mwezi huu wa sita, baada ya miaka thelathini na minne ya kulala chini ya magari ya watu, fundi wetu mkuu wa miguu ya magari atavua ovaroli yake na kuitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe siku alipoajiriwa. Alikuwa amebakiwa na miaka mitatu ya kazi. Ameomba mwenyewe kupumzika mapema, na ombi limekubaliwa. Meneja amenitaka niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, akanisisitizia uwe wa kuchangamsha. Nimejaribu. Pale nitakaposhindwa mtanisamehe, maana mimi ni mtu wa mapokezi. Kazi yangu ni kupokea funguo na malalamiko, sikusomea kuficha machozi.

Kwa wageni kazini, na kwa wale ndugu zetu wa ofisi za ghorofani wasioshuka karakana mpaka gari ligome, nianze kwa kueleza kazi yake. Gari likiharibika injini, mwenyewe anajua, maana haliwaki. Lakini likianza kuumwa miguu, yaani springi, shokapu, bushi na vyuma vinavyoshika matairi, linaendelea kutembea huku linalalamika. Mteja haji kwangu na jina la ugonjwa, anakuja na mlio. Nimesimama mbele ya watu wazima na heshima zao, wenye tai na mikoba, wakinifanyia koko-koko na nyi-nyi-nyi juu ya kaunta. Bwana mmoja alipuliza mashavu kuiga shokapu mpaka nikamsogezea kiti kabla hajaanguka. Mimi naandika kwenye kadi ya kazi vile ninavyoweza, kisha namwita mzee wetu.

Naye hajawahi kumcheka mteja hata siku moja. Anafuta mikono, anamwomba arudie ule mlio, halafu anauliza maswali yake. Unalia kwenye tuta au kwenye kona? Asubuhi gari likiwa baridi, au likishapata moto? Ukiwa peke yako, au umepakia watu? Mara nyingi jeki inapoletwa yeye ameshajua anakokwenda, na jeki ni ya kuthibitisha tu.

Jina tunalomwita, Mzee Nyamazeni, hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, tena kwa haki. Kuna kelele ambazo hazifiki kwenye kiti cha dereva, na dawa yake ni kuzifuata ziliko. Kwa hiyo mzee huingia kwenye buti, akalala kiubavu sikio likiwa kwenye bati, mlango wa buti ukafungwa kwa kamba ukaachwa wazi kidogo apate hewa, halafu mwenzake akaendesha kwenye mashimo. Miaka hiyo mwenzake alikuwa fundi wa rangi, ambaye wote tunamwita Rangi, mtu mwenye maneno mengi kuliko makopo yake. Siku moja walisimamishwa na askari wa barabarani aliyeona mguu wa mtu unachungulia nyuma ya gari. Buti likafunguliwa. Ndani amelala mtu mzima, macho ameyafumba, mkono umekumbatia kichwa cha shokapu. Askari akaanza kufoka, akitaka kujua maiti hii inapelekwa wapi, na kutoka kwenye buti ikaja sauti ya mtu aliyekatishwa kazi yake: “Nyamazeni!”

Rangi anaapa mpaka leo kwamba askari alinyamaza. Anaapa pia kwamba walirudi kwenye yale mashimo, askari akitembea pembeni naye katega sikio, na bushi iliyokatika ikapatikana. Hilo la pili mimi naliwekea alama ya kuuliza, lakini jina lilibaki. Tangu hapo mzee akiinua mkono na kusema neno hilo, karakana nzima inatii. Kompresa inazimwa, nyundo inawekwa chini, redio ya stoo inakatwa katikati ya taarifa ya habari. Hata meneja akiwa anapita hukanyaga kwa vidole.

Hamtanisamehe nisipoeleza ile ya mama mkwe. Alikuja mteja akinong'ona, anageuka nyuma kama mwizi wa kuku, akaniambia gari lake hugonga akimpakia mama mkwe wake tu. Niliandika huku nimeuma midomo. Mafundi walipoisoma kadi walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee akasema mama aletwe. Akaletwa, mama wa watu, mwili amejaaliwa, kanuna kweli kweli, kwa sababu kila safari alikuwa akiambiwa yeye ndiye anayelivunja gari. Mzee akamkaribisha kwa adabu zote, akamkalisha kiti cha nyuma kushoto, akazunguka naye mtaa mzima wakipiga soga. Waliporudi alitangaza mbele ya mkwe kwamba mpira wa juu wa shokapu ya nyuma umeoza siku nyingi, na kwamba mama hana kosa lolote. Mama yule alitoka hapa kichwa juu, mkwe akimfungulia mlango. Nasikia mpaka leo hakubali kukaa kiti kingine.

Msidhani hakuwahi kukosea. Alishawahi kufungua miguu yote minne ya gari moja akiutafuta mlio kama wa gololi, akabadilisha hiki, akabana kile, kumbe ni gololi kweli; mtoto wa mteja alikuwa ameitumbukiza ndani ya mlango. Alijicheka wiki nzima. Nasi tuliomcheka tukamkumbusha kanuni yake mwenyewe, ambayo fundi yeyote aliyepita mikononi mwake ataiota akiwa mzee: kelele husafiri. Chuma kinapokezana na chuma. Unaisikia kulia, kumbe inatoka kushoto. Unaisikia mbele, kumbe iko nyuma. “Usifungue unapoisikia,” alikuwa akisema, “fungua inapotoka.” Tuliisikia kanuni hiyo mara nyingi mpaka tukaacha kuisikiliza.

Sasa nije kwenye gari lake mwenyewe, na hapa ndipo uchangamfu wa meneja utakaponiponyoka.

Ni gari dogo la zamani, rangi ya chai ya maziwa. Kila siku akitoka kazini lilipita chini ya dirisha langu, likapanda tuta la getini, likalia mbele kushoto: ngo-ngo, halafu mkwaruzo mfupi, kwaru. Miaka nenda miaka rudi. Fundi mkuu wa miguu ya magari, bingwa wa kutafuta milio, anaendesha gari linalogonga! Tulimtania tukachoka. Mganga hajigangi, kinyozi hajinyoi, zote tulimpa. Wateja waliokaa kwenye benchi langu waliuliza ni la nani hilo, nami nikasema silijui, kwa kulinda heshima ya karakana. Yeye alijibu vile vile kila mara: “Liacheni, halijamkosea mtu.” Na kweli kila mwezi alilipandisha jeki, akalikagua kila kitu chenye kuhatarisha maisha, akalishusha, na mlio ule akauacha mahali pake.

Kisha kulikuwa na jambo la saa kumi. Zamani mzee alikuwa wa mwisho kuondoka. Miaka hii ya karibuni akabadilika. Ikigonga saa kumi anafuta mikono na kuondoka, hata kama gari la meneja linaning'inia hewani bila tairi. Kazi za ziada akazikataa, sherehe zetu akawa haji. Watu hawakosi la kusema. Walisema amejiona, walisema uzee umemwingia vibaya, walisema ametuchoka. Mimi nami nilichangia neno langu, sikuwa bubu. Kumbe tulikuwa tunaisikia kelele upande wa kazini, na ilikuwa inatoka nyumbani kwake.

Mke wa mzee ni mwalimu wa darasa la kwanza, mstaafu. Wengi wetu humu tumejifunza kusoma kwake. Rangi mwenyewe alishikwa mkono naye akafundishwa kushika penseli, na husema brashi anaishika vile vile. Tulikuwa tunajua kwamba Mwalimu anaumwa, kwa sababu tukimuuliza mzee alijibu kwamba hajambo kidogo. Hatukujua anaumwa nini. Ni maradhi ya kusahau. Yalianza na funguo, yakaja kwenye sukari inayotiwa mara mbili, yakaja kwenye majina ya wajukuu, na mwisho yakafika kwenye uso wa mwanaume aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini.

Lakini nje ya geti lao kuna tuta. Enzi za uzima wake Mwalimu alikuwa akisikia gari la mumewe linapanda tuta lile, ngo-ngo, kwaru, akainuka kubandika maji ya chai. Maradhi yalipokuja yalichukua kila kitu yakauacha mlio huo. Asubuhi alikuwa hamjui mzee ni nani. Mchana kutwa alikuwa hamuulizii. Lakini jioni gari likigonga kwenye tuta, alisimama, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akamwambia binti yake kwamba mwenzake karudi, akaenda kufungua geti. Alimpokea mkoba, akamwita kwa jina wanaloitana wenyewe ndani ya nyumba. Binti hakunitajia jina hilo, nami sikuuliza. Wakakaa barazani wakazungumza. Giza likiingia akili yake huanza kuhangaika, na mambo yanapotea tena. Ndiyo sababu ya saa kumi. Mtu huyu alikuwa na mke kuanzia saa kumi na nusu mpaka jua linapozama, na akichelewa kazini alikuwa hana.

Sisi hatukulijua hata moja kati ya hayo tulipokaa kikao cha zawadi.

Mstaafu aliyetangulia tulimpa saa ya ukutani. Aliyemtangulia yeye tulimpa saa ya ukutani. Rangi akasimama akauliza mtu anayestaafu anataka saa ya nini, ajue amechelewa wapi? Tukacheka, naye akatoa wazo lake: tumtengenezee gari. Lote, miguu minne, kimya kimya, iwe mshangao. Wazo lilipokelewa kwa makofi. Nani angelipinga? Mafundi wanapompenda mtu humpa kile wanachokijua, na sisi tunachokijua ni kuondoa kelele.

Siku mzee alipokwenda makao makuu kusaini makaratasi yake, aliliacha gari hapa, na mimi nikautoa ufunguo kwenye ubao wangu. Walijitupa chini ya gari lile kama watu wanaochimba kisima. Shokapu mpya nne. Bushi zote. Mbele kushoto wakalikuta lile lililokuwa linagonga: linki, kijifimbo cha chuma chenye kichwa cha kuzunguka huku na huku, kimelegea kama jino la mtoto. Kikatupwa. Nyuma ya breki kulikuwa na kibati cha kuzuia vumbi kilichopinda na kukwaruza, Rangi akakinyoosha kwa nyundo, akakipaka na rangi juu. Tukalipitisha gari kwenye tuta la getini. Kimya. Tukalipitisha tena kwa raha zetu. Kimya kabisa.

Mzee aliporudi tulimkabidhi ufunguo umefungwa utepe. Aliinama, akaangalia chini ya gari, akakaa ameinama kwa muda. Alipoinuka alituambia ahsanteni wanangu, kazi ni safi. Akaingia, akawasha, akapanda tuta la getini. Hakuna sauti. Taa za breki zikawaka. Gari likasimama pale juu, nusu ndani nusu nje, nasi tukapiga makofi na Rangi akapiga mluzi, tukijua furaha imemzidi. Mkono ukatoka dirishani ukatupungia, gari likaondoka.

Yaliyotokea nyumbani nimeyapata kwa binti yake. Mwalimu alikuwa barazani. Alimwona mwanaume anaingia kwake, akashtuka, halafu adabu yake ya siku zote ikashinda, akamkaribisha kiti. Akamwambia mwenye nyumba hajarudi kazini, ila si mtu wa kuchelewa, amsubiri tu. Mzee akakaa. Angefanya nini? Akaletewa maji kwenye glasi ya wageni. Wakakaa wawili wale wakimsubiri yeye. Mwalimu akawa anakwenda getini na kurudi, anakwenda na kurudi, akiomba radhi kwa mgeni. Jua lilipozama alianza kulia, akisema mume wake amepatwa na jambo barabarani. Na aliyekuwa akimbembeleza ni huyo huyo aliyekuwa akililiwa.

Asubuhi mzee alikuja kazini kama kawaida. Hakutuambia lolote, kwani zawadi hairudishwi wala haikosolewi. Alipita tu stoo akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama vile vyuma vya zamani bado vipo. Mtunza stoo wetu, ambaye hataki kuona hata boliti yenye kutu, alimjibu kwa fahari kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu alishavipitia jana ile ile, hapa hatulazi uchafu. Mzee akamshukuru. Wiki nzima iliyofuata alitoka saa kumi kamili, akapita chini ya dirisha langu bila sauti, akaenda kukaribishwa nyumbani kwake kama mgeni.

Kisha akaja binti. Ni fundi cherehani, sindano bado ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi. Alipanga foleni nyuma ya wateja, sikumtambua. Zamu yake ilipofika nikamuuliza ninavyouliza kila mtu, gari lako linalia vipi, dada? Akasema, “Halilii. Ndiyo taabu yenyewe.” Halafu akanieleza yote niliyowaeleza hapa, amesimama, anashika ukingo wa kaunta yangu. Jamani, nililia mbele ya wateja. Bwana mmoja aliyekuja na kelele ya tairi akaondoka taratibu, akasema atarudi kesho.

Nilikwenda karakana nikawaambia. Spana zilishuka moja moja. Mtunza stoo akakaa juu ya debe na kushika kichwa. Rangi akaingia nyuma ya chumba chake cha kupulizia rangi, na tulipomfuata akatufukuza. Mzee alikuwa chini ya gari la mteja, miguu yake tu inaonekana, na miguu ile haikutikisika. Nikarudi kaunta, nikachukua kadi ya kazi, nikajaza jina la mteja, na kwenye mstari wa lalamiko nikaandika: gari halina kelele. Katika miaka yangu yote hapa sijawahi kuandika kadi kama hiyo. Nikaipeleka nikamwekea pale chini, karibu na mkono wake. Alitoka nayo mkononi.

Hapo ikaanza kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Sisi tunajua kutoka kwenye mlio kwenda kwenye ugonjwa. Sasa tulikuwa na mlio kichwani mwa mtu mmoja, na tunatafuta ugonjwa unaofanana nao. Mtunza stoo, yule yule asiyelaza uchafu, alizunguka karakana zote za jirani akiomba linki mbovu, wakamwona amerukwa na akili. Akarudi na mfuko mzima. Wakafunga moja baada ya nyingine, na kila ikifungwa Rangi aliendesha juu ya tuta la getini, mzee amesimama pembeni, macho amefumba, mkono juu. Nyamazeni. Kompresa kimya, nyundo kimya, wateja kwenye benchi langu kimya, wala hawajui kwa nini.

Moja ilikuwa kali mno. Nyingine ilikuwa na sauti ya mpira, na ule ulikuwa wa chuma. Moja ilipendeza masikioni mwetu wote, mzee akaikamata kwa vidole, akaitikisa, akaitupa mbali, kwa sababu kichwa chake kilikuwa karibu kuchomoka na kingeweza kuua mtu. Kelele yoyote, alisema, isipokuwa ya kuua. Rangi akataka kuchukua linki mpya aisugue kwa tupa, mzee akamwambia uchakavu hauharakishwi, mwanangu. Ilipatikana jioni ya siku ya tatu, ikitoka kwenye teksi ya zamani. Ngo-ngo. Mzee akafumbua macho. Akatikisa kichwa. Mkwaruzo haupo.

Ndipo Rangi alipokumbuka kibati alichokinyoosha. Alilala chini mwenyewe, mtu ambaye ana miaka hajaingia chini ya gari, akakipinda kwa mikono kidogo kidogo, mzee amechuchumaa pembeni anamwelekeza, ongeza, punguza, hapo. Ile rangi mpya aliyokipaka kibati ilikuwa inabanduka na kumwangukia usoni. Alipotoka machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye vumbi. Gari likapita tuta. Ngo-ngo, kwaru. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee akanigeukia mimi, kwa sababu mlio ule umepita chini ya dirisha langu kwa miaka, akaniuliza kwa macho. Nikamwambia ni wenyewe. Akasema bado kidogo, lakini huenda ukamfikisha.

Binti ametueleza ya jioni ile. Gari lilipopanda tuta mara ya kwanza, Mwalimu aliinua uso, kisha akauinamisha tena. Mzee hakuingia. Alizunguka mtaa akarudi, gari likagonga tena, Mwalimu akashika mkono wa kiti. Mzee akazunguka tena. Mara ya tatu alisimama, akatafuta kitambaa chake, akajifunga, akaenda kufungua geti. Akampokea mkoba, akamwambia, “Umechelewa.” Zaidi ya wiki alikuwa akimsubiri.

Nisingependa kuwadanganya. Si kila siku anainuka. Zipo jioni gari linagonga na Mwalimu anaendelea kukunja ukosi wa nguo yake. Daktari amemwambia mzee waziwazi kwamba mlio nao utakwenda siku moja, kama yalivyokwenda mengine, na hilo hakuna fundi wa kulikarabati. Na mchana sasa Mwalimu hawezi kuachwa. Ameshatoka getini peke yake akienda shuleni kwake, darasani kwake, kwa watoto ambao sasa wana wajukuu. Ndiyo maana mzee anaondoka kabla ya wakati wake. Anakwenda kushinda naye.

Lakini mtu anayeshinda nyumbani anarudi kutoka wapi? Nilimuuliza hivyo, nikajuta kabla sijamaliza. Alikuwa ameshalifikiria. Kila siku saa kumi, alisema, atamwachia binti baraza, ataaga kama mgeni anavyoaga, atachukua mkoba wake, ataendesha mpaka kwenye mzunguko wa barabara kuu, na atarudi. Atatoka mgeni, ataingia mume, Mungu akipenda. Kisha akaniomba nimtafutie mfuniko wa themosi ya mteja uliopotea kwenye benchi, tukaendelea na kazi.

Zawadi yetu rasmi, basi, imebadilika. Ijumaa, siku ya kumuaga, mtaona sanduku dogo la mbao. Ndani yake mna linki mbili za akiba, zimechakaa kwa kiwango alichokichagua mwenyewe, zimefungwa kwa kitambaa kama vyombo vya kioo, na Rangi ameandika juu ya kifuniko kwa herufi zake nzuri alizofundishwa na Mwalimu: MBOVU. USITUPE. Mtunza stoo ameweka rafu nzima kwa ajili ya nyingine zitakazokuja, na ole wake mnunuzi wa chuma chakavu atakayeisogelea.

Mzee wetu, ahsante kwa miaka thelathini na minne. Ahsante kwa mama mkwe yule, kwa askari, kwa kila mtu aliyefika salama bila kujua ulikuwa umelala chini ya gari lake. Ahsante kwa kutupungia mkono siku ile, badala ya kushuka na kutuambia tulichofanya. Tunakuombea safari fupi, jioni ndefu, na tuta ambalo hakuna atakayekuja kulisawazisha.

Na wewe msomaji, ukikutana jioni na gari dogo la rangi ya chai ya maziwa linalogonga mbele kushoto, usimpigie honi dereva ukimwonyesha tairi. Anajua. Mpishe apite, kuna mtu anamsubiri.